Chafya ndani ya chumba cha ushauri

Watu wangu, leo mtoto mchanga amejibu swali nililomuuliza mama yake.

Mimi ni mshauri nasaha kwa kliniki moja huku Boito. (Mama mwenyewe amekubali niandike, bila jina.)

Zoezi lilikuwa hivi: mtoto amelala mapajani mwa mama, mimi nasoma sentensi, mama anasema anaiamini kiasi gani, kutoka sufuri hadi kumi.

"Mimi ni mtu wa kupendwa."

"Sufuri, madam." Hata hakufikiria.

Mnajua sisi Wakipsigis: mtoto akizaliwa tunataja majina ya waliokufa mpaka apige chafya, ndio tujue nani amerudi. Huyu wake alitajiwa ukoo mzima. Kimya. Mama akaamini hakuna aliyetaka kurudi kwake.

"Kwani hakuna mtu amewahi kukupenda?"

"Labda marehemu Kogo Taprandich, nyanya jirani aliyenilea. Lakini hakuwa wa ukoo, hatukumtaja."

Mtoto akapiga chafya.

Jameni. Nywele zilinisimama.

Alikuwa ameamka, anaangalia kiti kitupu kando yangu, anatabasamu.

"Soma ile sentensi tena," mama akaniambia, machozi yakimtoka.

Nikaisoma.

"Kumi."

Sasa niambieni: kesho mtu mwingine akikuja, nimkalishe kwa hicho kiti?