Cava ya Papa na Mkono wa Koko

Juzi, kwenye sherehe ya rafiki yangu kule Sandton, mhudumu alinimiminia cava, akaisifu jinsi inavyong'aa. Nilicheka mpaka ikanipanda puani. Ngoja nikueleze, usije ukadhani sikufunzwa adabu.

Mwaka 2016 nilikuwa na miaka kumi. Tuliishi Yeoville, mtaa wa wahamiaji wa jiji hilohilo, ghorofa ya tatu, sisi watu wa Bukavu. Papa, yaani baba yetu, alikuwa mhudumu hotelini, na huko walifundishwa habari za cava, mvinyo wa Hispania wenye mapovu. Akarudi nyumbani profesa. Eti gesi yake haipulizwi kama ya soda. Mvinyo wa kawaida unatiwa sukari kidogo na hamira, unafungwa ndani ya chupa, unalazwa gizani miezi tisa au zaidi. Hamira inakula sukari, inatoa mapovu, inakufa, na mizoga yake inaacha ladha ya mkate. Shampeni nayo ni hivyo hivyo, alisema, ila Wahispania wana zabibu zao, ambazo majina yake aliyatamka tofauti kila siku.

Yangeishia hapo, lakini yaya, dada yangu mkubwa, akachumbiwa. Baba wa mchumba, fundi cherehani mwenye maneno, akauliza mbele ya watu tutawapa wageni kitu gani cha kuinulia glasi. Papa akajibu kwamba atatengeneza cava kwa mkono wake, ya nanasi. "Mdomo uliponza kichwa," mama akanong'ona. Harusi ilipangwa mwaka uliofuata, na heshima yote ya papa ikalazwa chini ya kitanda chetu, chupa thelathini. Moja ililipuka katikati ya maombi, pasta akalikemea lile pepo kwa nusu saa.

Mwezi wa mwisho papa alitoboa matundu kwenye mlango wa zamani, akachomeka chupa shingo chini. Kila asubuhi kabla ya shule nilizizungusha moja moja, kidogo tu, kama mtu anayepunguza redio karibu na mtoto aliyelala. Mashapo, yaani ile hamira iliyokufa, yalitakiwa kushuka taratibu hadi kwenye kizibo. Kisha shingo ingegandishwa kwa barafu na chumvi, kizibo kifunguliwe, uchafu uruke wenyewe, mvinyo ubaki safi. Nilizungusha kwa uaminifu ambao hakuna bosi aliyewahi kuupata kwangu tena.

Siku moja kabla ya harusi, papa akainua chupa ya kwanza dirishani. Mvinyo ulikuwa na ukungu, kama maji yaliyooshewa mchele. Ya pili vilevile, na ya tatu. Akanigeukia, kandambili mkononi. Ndipo koko, mama yake papa, aliyeishi nasi na kuuza juisi ya tangawizi pale stendi ya teksi mjini, akatoka jikoni akifuta mikono.

"Usimupige mutoto. Ye anazungushaka tu. Ni mi natikisaka, kila siku akishaenda kwa masomo. Utamu yote ilikuwa inabakia chini."

Maisha yake yote hakuwahi kumpa mteja chupa ambayo haijatikiswa. Papa alimtazama, akavaa kandambili yake.

"Asante, mama," akasema. Nilimhurumia papa hadi nikalia.

Kesho yake fundi cherehani aliinua glasi kwenye mwanga, akaanza kutabasamu. Papa akawahi kusimama. Akasema Wahispania hutupa kinachobaki chini, lakini hii ni kazi ya mama yake, naye hakulelewa kutupa chakula. Koko akainuka, akawapungia wageni mkono. Nani angemcheka bibi wa bibi harusi? Fundi akanywa. Akasema inamkumbusha kasiksi, pombe ya ndizi ya kwao, akaomba nyingine.

Lile jengo limeuzwa, ule mlango sijui uko wapi, na koko tumemzika. Alikufa akiamini kabisa kwamba yeye ndiye aliyeiokoa ile harusi. Papa hakuwahi kumwambia vinginevyo, na kadiri ninavyokua, sioni angemwambia nini.