Njia Ambayo Mwalimu Aliiacha Wazi

Rafiki yangu, juzi mama mumoja alipita hapa kwetu Ngezi na beseni ya asali, bado iko mu masega yake. Aliiweka chini kwenye mulango wangu, akaondoa jani la ndizi, na mimi nikaona vile vyumba vya pembe sita vimepangana, hakuna hata kimoja kinachomusukuma mwenzake. Alidhani naangalia asali. Kumbe mimi nilikuwa nimeshafika kwenye baraza ya mwalimu, tumbo chini, viwiko juu ya mukeka, msichana ambaye vita ilikuwa haijamutoa shuleni.

Mwalimu alikuwa jirani yetu. Ukuta hakuna, uzio hakuna, ni mistari ya mihogo tu katikati. Padri mumoja muzungu, alipokuwa anarudi kwao, alimuachia boksi la muchezo. Ndani kulikuwa ramani kubwa ya karatasi, yote imechorwa vyumba kama masega, na vibao vidogo vya karatasi ngumu, vya bluu na vya kijivu. Kila kibao ni kikosi cha askari: namba ya kushoto ni nguvu yake, ya kulia ni miguu yake, vyumba ngapi kinaweza kutembea. Kulikuwa muto, pori, na muji mumoja wa kulinda. Kanuni ilisema anayelinda njo anapanga vibao kwanza. Anayeshambulia anakuja baadaye.

Hapo njo shida ilianza. Siye watoto wa Ngezi, wa watu wa ng'ombe na wa watu wa jembe, tulichanganyika kwenye mukeka ule, na hakuna aliyekubali kushambulia. Kila mutu alitaka kulinda. Bluu walijipanga upande wao wa muto, kijivu upande wao, kisha tukakaa tunaangaliana, harufu ya mandazi inatoka jikoni kwa muke wa mwalimu.

"Muchezo hauendi," mwalimu alilalamika.

"Acha usiende," tate alijibu kutoka mu mihogo. Tate, mama ya mama yangu, njo alinilea. Alikuwa muzalishaji wa akina mama, nusu ya watoto wa kartié, mutaa wetu, walipita mu mikono yake. "Wote wako wazima. Unataka nini tena?"

Mwisho ni tate mwenyewe aliyekuja kushambulia. Kusoma hakujua, vibao alivishika kama vifaranga. Siye tulikuwa tumebananisha vibao vyote kando ya muto, bega kwa bega, nyuma hakikubaki hata kimoja. Alitoboa mahali pamoja tu, akaingia mu muji usio na mutu. "Hodi! Wenye nyumba muko wapi? Hakuna hata wa kunipa kiti?" Tulicheka mpaka mandazi yakatukwama.

Basi mwalimu akatufundisha kupanga. Kibao kimoja, alisema, hakilindi chumba chake peke yake. Kinalinda na vile sita vinavyokizunguka; adui akikanyaga kimoja, lazima asimame. Kwa hiyo musibanane. Acheni vyumba viwili katikati ya kibao na kibao, hakuna atakayepita, na vile vinavyobaki vikae nyuma, visaidie pale patakapotoboka. Halafu ile kubwa kuliko zote, aliyoisema mpaka tukaifanya wimbo: musifunge njia ya nyuma. Kibao kikishindwa kinarudi. Kama hakina pa kurudi, kinatolewa, kimekufa. Hata muji ukianguka, wenye kuishi watoke.

Ndugu yangu, vita ilishuka kutoka milimani. Kwanza moshi, halafu ng'ombe barabarani bila muchungaji, halafu watu na magodoro juu ya kichwa. Muke wa mwalimu alikuwa wa kule Kpandroma, upande wa jembe. Mwalimu na siye tulikuwa wa upande wa ng'ombe. Viazi vya kwao tulivila miaka yote na sombe ya tate ya majani ya mihogo, na hakuna aliyeuliza viazi viko kabila gani.

Vijana wa kartié walikuja kwa mwalimu. Wengi yeye njo alikuwa amewafundisha kusoma, na bado walimuita Metre, mwalimu. "Metre, weye unajuaka kupanga. Utupangie bariyeri za kufunga barabara, wezi wasiingie." Akapanga, juu ya kutulinda siye sote. Kila bariyeri ilikuwa inaona mwenzake, na vijana wengine walikaa nyuma, uwanjani. Upande wa kijito aliacha njia moja wazi. Hapo akina mama watapita na watoto, alisema, saa yoyote, bila kuulizwa neno. Tulimusifu. Siye watoto tulizunguka bariyeri moja moja, tunahesabu vyumba mu hewa.

Sasa wacha nitaje watu, maana wenzangu wanapenda kusema "ni vita", kama vile vita iko na mikono. Kulikuwa mufanyabiashara wa dhahabu, aliyeinunua kule machimbo ya Nizi na kujenga kwetu: yeye njo alileta bia na mapanga kwa vijana. Kulikuwa shefu wa kartié: yeye njo alionyesha nyumba gani iko na muke wa wapi. Kulikuwa askari wageni wa kule uwanja wa ndege, walioazimisha bunduki asubuhi kwa hawa, jioni kwa wale. Na kule milimani, wakubwa wa upande ule mwingine waliwafanyia watu wetu vilevile. Hao pia nawataja. Wote walisema wanajilinda. Hakuna hata mumoja aliyekubali kwamba anashambulia.

Hawakuhamisha bariyeri hata moja. Waligeuza tu nyuso za vijana. Waliokuwa wanaangalia nje wakaambiwa waangalie ndani. Na ile njia ya kijito wakaifunga na gogo la mukaratusi.

Mwalimu alipopata habari hiyo asubuhi, alimutoa muke wake na watoto wao wawili wadogo bila kungoja chai. Tate alimubebesha mama huyo beseni ya muhogo, kama vile anaenda kusagisha, akanishika mukono, tukawasindikiza. Kwenye gogo kulikuwa vijana wanne, na pembeni yule mufanyabiashara ndani ya gari lake.

"Metre, hapa imefungwa," alisema mukubwa wao.

"Na nani? Mimi njo nilipanga hii. Hapa niliacha wazi juu ya akina mama kupita."

"Akina mama yetu tu."

"Na huyu? Haukulaka mandazi yake?"

"Huyu?" kijana mwingine alidakia, anamuonyesha mukubwa wao kidole. "Alikulaka ya kwake na ya kwangu!"

Walicheka, hata yule mukubwa, na kwa kitambo kidogo walikuwa tena watoto wa barazani.

"Niliwapa bia juu ya kucheka?" sauti ilitoka mu gari. Kicheko kikakatika.

Tate akasogea, akamushika yule mukubwa kidevu. "Weye ulikuja miguu mbele. Mama yako alikuwa anakufa. Nilikutafutia njia mpaka nikaipata. Leo unaniambia njia hakuna?"

Kijana aliangalia gari, akaangalia chini, akainua mwisho mumoja wa gogo. Mwalimu akashika mwingine, wakavuta. Mama akapita na watoto. Mwalimu hakuwafuata. Alikaa chini mu lile pengo, miguu ameikunja, kama anavyokaa kwenye mukeka. Sasa wakitaka kumufuata muke wake, lazima wamupitie yeye kwanza.

Mufanyabiashara alishuka mu gari. Sitakuandikia walichofanya. Tate alinifunika macho na kitenge, lakini masikio hayana kitenge. Ninachojua, walipomaliza, beseni ya muhogo ilikuwa imeshavuka kijito na kupotea mu majani marefu.

Leo ukija Ngezi utakuta kila parseli, kila kiwanja cha mutu, iko na ukuta, na juu ya ukuta vipande vya chupa. Mutoto hali tena kwa jirani bila mama yake kuuliza kwanza ni jirani gani. Boksi la muchezo waliwashia moto wa chai. Tate amelala makaburini, karibu na mwalimu. Yule mufanyabiashara anakaa benchi ya mbele kanisani, na siku zile anaziita "wakati tulijilinda." Ananisalimia. Simuitikii.

Mwaka juzi muke wa mwalimu alirudi kututembelea. Watoto wake wamekulia mu kambi ng'ambo ya ziwa, wanacheka kwa lugha nyingine. Alikaa kwangu kwenye ukingo wa kiti, mufuko bado uko mapajani, kama mutu anayengoja gari. Chai ilipoa. Mwisho akaniuliza kitu kimoja.

"Kule mu majani nilisikia mutu analia kwa nguvu. Miaka hii yote nafikiri ni mume wangu alikuwa ananiita nirudi, na mimi nikaenda."

"Nilikuwa pale, mama," nikamwambia. "Hakukuita. Hata mara moja."

Akaweka mufuko chini, akavua viatu.