Karatasi ya Mlangoni

Tangu utotoni nimewapenda wanawake wanaosema. Redioni nikimsikia mama anamkatiza mheshimiwa, naacha hata sufuria iungue. Tatizo ni kwamba mdomo wangu mwenyewe hufunguka nikiwa jikoni tu, na hilo linaniuma hadi leo.

Kwenye soko la Noonkopir tulikuwa na kiwanja cha kuuzia, mimi nyanya na vitunguu, jirani yangu maziwa. Tulimwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaasai, hata sisi tuliotoka Nyeri ambao Kimaasai chetu kiliishia kwenye salamu. Alikuwa mfupi, mwembamba, na sauti iliyomzidi mwili. Mwakilishi wetu wa wadi alipokuja kuomba kura, wengine tulimpigia vigelegele. Yeyo alimuuliza choo cha soko kiko wapi.

Siku moja tuliitwa ukumbini kutoa maoni, kwa kuwa kuna tajiri aliyetaka kiwanja chetu ajenge maduka. Mlangoni afisa alikuwa na karatasi. Unaandika jina na namba ya kitambulisho, unatia sahihi, unapewa soda na mkate. Nikatia sahihi kama nilivyozoea. Yeyo alifika baadaye kidogo, nikiwa nimeshaketi, na hakushika kalamu.

"Hapa juu hakuna kitu imeandikwa," akamwambia afisa.

"Ni ya kuonyesha mlikuja tu, mama."

"Basi andika: walikuja, lakini walikataa. Ukiandika hivyo nitaweka sahihi."

Watu wakacheka. Aliingia bila soda, akaenda moja kwa moja mbele ya mheshimiwa yule wa wadi.

"Hiyo kiwanja ni sahani yetu," akasema. "Ukichukua sahani, usituambie utatuletea chakula."

Nilipiga makofi hadi viganja vikaniwasha, chupa ya soda nimeibana katikati ya magoti. Alipokuja kuketi kando yangu aliniinamia. "Wewe hukuweka sahihi?"

"Sikuweka."

Jibu lilinitoka haraka. Nadhani nilitaka kufanana naye, hata kwa dakika moja.

Miezi michache baadaye kiwanja kilizungushiwa mabati, nasi tukahamia kando ya mtaro. Yeyo akapeleka kesi mahakamani Kajiado, akaniomba nimsindikize. Nilivaa nguo yangu ya kanisani. Kusema kweli nilijivuna kuketi naye benchi moja, watu wakituona.

Wakili wa upande wa pili akatoa karatasi ile ile ya mlangoni. Sasa juu yake palikuwa pamechapwa maneno: wananchi waliokubali mradi. Yeyo akasimama kabla hajaruhusiwa.

"Hiyo ni uongo! Sisi watu wa soko hatukuweka sahihi. Huyu alikuwa huko na mimi. Muulizeni."

Nikaitwa mbele, nikataja jina. Wakili akateremsha kidole kwenye orodha, akasoma namba ya kitambulisho changu tarakimu moja moja, kisha akanionyesha.

"Hii ni sahihi yako?"

"Ndiyo."

Ningeweza kusema kwamba siku ile juu ya karatasi palikuwa patupu. Ni hayo tu yaliyohitajika, na nilikuwa nayo mdomoni. Hakimu alinitazama, akasubiri kidogo, hata akauliza kama nina la kuongeza. Nikatikisa kichwa. Wanawake wote niliowasikiliza redioni miaka yote hiyo, sikukumbuka hata mmoja wao alivyofanya mahali kama pale.

Kesi ilitupwa. Nje, Yeyo alifunga shuka lake begani polepole, akaangalia barabara. Nilingoja anitukane. Ningeshukuru.

"Hiyo soda," akasema mwishowe, "ilikuwa baridi?"

"Ilikuwa moto," nikamjibu.

Akaitika kwa kichwa, akatangulia.