Pumzi ya Mama Saida

Watu wa Bladensburg, huku ughaibuni, bado wananiita Bwana Msiba, na sina pa kukimbilia, kwa sababu jina lenyewe nililitafuta kwa mikono yangu, tena kwa furaha, nikiwa ndani ya gari la kazi kule Manassas, natafuna wali wa jana.

Kazi yangu ni kufunga vioo vya madirisha, lakini mapumziko ya mchana natengeneza muziki kwenye laptop. Mwaka huu nilishikwa na acid house, ule muziki wa klabu wenye mdundo usiochoka na besi inayokoroma na kulia kama birika, na kilichonivutia ni kwamba jamaa wanaoutengeneza huokota kipande cha sauti popote, hata neno moja la mtu, wakalikata, wakalirudiarudia mpaka likawa ala. Nikajiuliza, sauti gani hapa kwetu inafaa? (Swali lilikuwa zuri tu, jibu ndilo lililoniponza.)

Jibu likawa Mama Saida, katibu wa jumuiya yetu ya Watanzania, ambaye ndiye hutangaza misiba kwa ujumbe wa sauti kwenye kundi letu la simu. Huanza vilevile siku zote: "Ndugu zangu," kisha anavuta pumzi ndefu, kisha ndipo jina linafuata. Wenzangu walikuwa wakisikia habari, mimi nikasikia ile pumzi. Nikaikata pamoja na lile "zangu", nikaishusha, nikaitia mwangwi, nikairudisha tena na tena juu ya besi, na jamani ilikuwa tamu mpaka nikachelewa kurudi kwenye ngazi. Nikajiambia, kipande kifupi namna hii nani atakitambua?

Sasa Jumamosi ya wiki hiyo Neema, binti wa mama mdogo, alikuwa na send-off yake, tunamuaga kabla ya ndoa. Mama mdogo mwenyewe hakuweza kuja, alikuwa amelazwa Moshi, katoka kufanyiwa upasuaji, na Neema alikubali shughuli iendelee kwa shingo upande, simu haimtoki mkononi. Mimi nikaona nimfurahishe, wimbo wangu upigwe anapoingia ukumbini, nikampelekea Kevo, dijei wetu Mkenya.

"Buda, hii ni moto," akasema. "Lakini hiyo voice ni ya nani?"

"Ya mtu tu," nikasema. (Hapo ndipo ningeokoka.)

Neema akaingia na gauni lake la kijani, vigelegele vikapigwa, mdundo ukaanza, watu wakanyanyuka kucheza, nikajiona mtu. Kisha ikaja: zangu, pumzi. Zangu, pumzi. Wazee wakaketi. Mikono yote ikaingia kwenye mikoba na mifuko kutafuta simu, mama mmoja akashika kifua, na Neema akasimama katikati ya ukumbi, akaitazama simu yake, akakaa sakafuni na gauni lile, akasema, "Mama yangu." Mimi nampungia Kevo azime, yeye anadhani nimefurahi, akaongeza sauti.

Mama Saida alikuwa meza ya mbele, sambusa mkononi. Ukumbi mzima ukamgeukia.

"Mimi sijasema kitu," akasema. "Mimi nakula."

Muziki ulipozimwa ikabidi nishike maiki nieleze kwamba hakuna aliyefariki, huo ni wimbo, na ni wangu. Neema hakutaka hata kuniona mpaka alipopiga Moshi na mama mdogo akapokea mwenyewe, kwa sauti ya usingizi, akiuliza mbona mnaniamsha. Tukalia, na mimi nikiwemo. Lakini aliyeniumiza roho zaidi ni Mama Saida. Aliirudisha sambusa kwenye sahani, akaniuliza polepole, "Kwa hiyo nikifungua mdomo tu, mnaogopa?"

Jumapili ya wiki iliyofuata, baada ya harusi, nikaenda kwake Greenbelt kuomba radhi. Shikamoo, marahaba. Kisha akataka ausikie huo wimbo. Akausikiliza mwanzo mpaka mwisho, akaurudia, akauliza ile besi inaliaje vile, nikamwonyesha kitufe, akakizungusha mwenyewe kama anayepunguza moto wa jiko.

"Hebu nirekodi tena," akasema, "niseme kitu cha furaha."

Tukajaribu. "Ndugu zangu," pumzi, "Neema ameolewa." Tukarudia, na kila tukirudia ni kama tumempoteza Neema. Mwishowe akajisikia mwenyewe, akaangua kicheko, akacheka mpaka akafuta machozi kwa kanga, na mimi nilikuwa sijazima. Hicho kicheko ndicho kilichomo kwenye wimbo sasa, kwa ruhusa yake, na nimeapa sitagusa tena sauti ya mtu kabla ya kumuuliza, hata kama ni chafya.

Siku hiyohiyo Mama Saida akautuma mwenyewe kwenye kundi, kwa fahari. Tukakaa tunasubiri sifa, chai ikapoa, hakuna aliyethubutu kuufungua. Kisha simu yake ikaita, alikuwa Neema.

"Shikamoo mama," akasema. "Niambie taratibu. Ni nani?"