Chupa ya Chumvi Kutoka Busia

Mimi mahindi nilikuwa nayapima kwa meno. Punje ikilia kwa kishindo, imekauka, nabeba hadi Rongai kuuza. Siku moja huko Busia nikauma, nikaridhika, nikaanza kutafuta lori. Mama Mganda mwenye mahindi akakataa kuniuzia.

“Bado, dada.” Akatia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa ya soda, akatikisa. Chumvi ikanata ndani ya chupa. “Yana maji. Yakifika kwenu yataota ukungu, halafu mtasema mahindi ya Uganda ni sumu.”

Nilimfokea. Nimetoka mbali hivi, halafu muuzaji ndiye anifundishe kununua! Hakutetereka. Tuliyaanika kwenye turubai siku mbili, mimi nimenuna, hadi chumvi ikaacha kunata.

Tangu hapo hakuna mteja aliyenirudishia gunia la yule mama. Chupa alinipa. Juzi nilipopima nayo mahindi ya mkulima mmoja hapa Rongai, chumvi ilinata, naye akanifokea vilevile. Nilitandaza turubai, nikashika upande mmoja, nikangoja. Akiwa amenuna, akashika ule mwingine.