Siku Mama Mdogo Alipompikia Mwenye Jeti

Wiki ile ndugu yangu alikuwa na kazi mbili mkononi, na kufikia Ijumaa lazima moja aiache. Namwita ndugu, lakini ni mtoto wa mama mdogo. Tumelelewa nyumba moja hapa Chaani, Mombasa, tumeogeshwa karai moja, na alipopigwa shuleni ni mimi niliyekwenda kurudisha ingawa yeye ndiye mkubwa. Yeye akasomea urubani. Mimi nikaacha shule, nikajifundisha kutengeneza friji na AC kwa kufungua za watu na kuangalia video kwenye simu. Mambo ya ndege pia nikajisomea humo humo, maana sikutaka aje siku anidanganye.

Miaka minne alirusha vile vindege vya injini moja, anapeleka watalii mbugani na kuwarudisha. Halafu zikaja hizo kazi mbili kwa mpigo. Moja ya shirika kubwa, ndege za abiria wengi, aanze rubani msaidizi. Nyingine jeti ya mtu mmoja, tajiri wa Nairobi, viti vinane vya ngozi na marubani wawili tu.

Mimi nilikuwa upande wa shirika, na sikuficha. Kule kila kitu kinakwenda kwa foleni. Siku unayoingia ndiyo inayoamua utakuwa kapteni lini, Idi utakula nyumbani au hewani, na watu wakipunguzwa utabaki au utatoka. Ukikosa darasa la marubani wapya la mwezi huu, walioingia wako mbele yako mpaka mstaafu.

"Tajiri akiuza ndege, wewe anakuuza nayo?" nikamwuliza. Alikuwa amekaa kwenye kibao changu cha kazi, miguu inaning'inia.

"Hauzi mtu. Anakuacha tu."

"Haya, umejijibu."

"Lakini kwa jeti, miaka miwili nakaa kiti cha kushoto, kapteni. Kule mpaka niote mvi."

"Si uote. Una haraka ya nini, yakhe? Unakimbizwa?"

Akacheka. Ndivyo alivyo. Anakucheka, anakusikiza, halafu anafanya lake.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja ambaye ndugu yangu asingesaini chochote bila yeye kukubali, naye ni mamake. Na mama mdogo alikuwa upande wa jeti, kwa sababu ambayo mimi sikuiona kwenye video yoyote. Shirika, alisema, halina uso.

"Mwanangu akidhulumiwa, nimwendee nani? Nikabishe mlango wa shirika?" alisema. "Huyu tajiri ana mamake, ana wanawe. Aje nimwone, ale kwangu, nitoe radhi yangu."

Ndivyo alivyofanya dada yetu alipoposwa. Watu wa mume walikuja, wakala, yeye akakaa pembeni anatazama mikono yao na namna wanavyozungumza na watoto. Walipoondoka akasema sawa. Kwake hii ilikuwa mambo yale yale: mtu anakuja kuchukua mtoto.

Jumatano tajiri alikuwa Mombasa. Alikuwa amekuja na familia yake kwenda hoteli za kusini, na kapteni wa ile jeti alimwita ndugu yangu wasafiri pamoja aione kazi kabla hajaamua. Asubuhi hiyo walikuwa uwanjani wanamngoja tajiri arudi kutoka pwani. Kutoka kwetu mpaka uwanja wa ndege ni dakika kumi kwa pikipiki. Akampigia mamake simu, akamwambia hivi, na maneno haya alinirudishia yeye mwenyewe baadaye: "Mama, tajiri anapenda sana mahamri na mbaazi. Saa tisa. Utaweza?"

Basi. Hakusema zaidi. Na mimi simlaumu mama mdogo, maana nyumba yoyote ya Chaani ingesikia alichosikia yeye. Mtu akikwambia mgeni anapenda kitu fulani, akakutajia na saa, amekwambia mgeni anakuja.

Nilipofika adhuhuri nilikuta viti vimetolewa nje. Sebuleni busati jipya, chetezo kinafuka udi, vikombe vimeazimwa kwa jirani, na jikoni wanawake watatu, mmoja anakanda, mmoja anachoma, mmoja anakuna nazi. Mama mdogo alikuwa amevaa leso mpya.

"Wewe, hebu kalete soda. Na uoge, unanuka gesi ya friji."

"Labeka, mama. Kwani nani anakuja?"

"Mwenye jeti."

Nikatoka nje, nikapiga simu.

"Kaka, unafanya nini sasa hivi?"

"Nafuta viti."

"Viti gani?"

"Vya ndege. Jana mtoto alimwaga juisi. Zulia nishamaliza."

Huyu mtu amesoma hali ya hewa, amesoma injini, amefanya mitihani kumi na kitu.

"Rubani unafuta juisi."

"Tuko wawili tu humu. Unataka afute nani?"

"Sawa. Sasa sikiza. Mamako amefukiza udi."

Hakuniuliza wa nini. Nilisikia kitambaa kimeacha kusugua.

"Mimi nilisema atie kwenye hotpoti, wewe uilete getini. Atakula ndegeni."

"Hukusema hivyo."

"Sikusema?"

"Umesema anapenda, ukataja saa. Ametoa viti nje."

"Mwambie basi."

"Nimwambie mimi? Wallahi simwambii. Njoo umwambie mwenyewe."

Nikakata, nikawasha pikipiki.

Kwenye geti la uwanja wa ndege walitoka wote wawili, ndugu yangu na kapteni. Kapteni ni mtu wa bara, mtu mzima, shati jeupe lisilo na alama hata moja begani. Nilikuwa nimepanga nianze kwa heshima, na nilianza, lakini haikufika mbali.

"Shikamoo kapteni. Huyu si mfagiaji, na mamake si hoteli. Kama tajiri wako anataka mtoto wa watu, aende akamwone mamake, ale chakula alichopikiwa. Kama hawezi, amwache aende shirika, kule walau atafuta juisi mtu mwingine."

Ndugu yangu alinishika mkono. Niliutoa. Kapteni alinisikiza mpaka nikamaliza, halafu akauliza, "Mama amepikia watu wangapi?"

"Wa kutosha."

"Tajiri hawezi kuja. Hata nikimwambia hataelewa anaitwa kufanya nini. Lakini atakayekuwa na huyu kijana kila siku ni mimi. Nitakuja mimi." Akatazama simu yake. "Na ile safari ya saa tisa imesogezwa saa kumi na moja, kwa hivyo nafasi ipo."

Nilikuwa nimekuja na maneno mengine mengi. Nikarudi nayo.

Mlangoni mama mdogo alimtazama kapteni juu mpaka chini. "Ndiye wewe?"

"Hapana, mama. Mimi ni rubani tu. Mwenyewe hakuweza kufika."

Akainua pazia la mlango. "Karibu, baba. Ingia."

Alikaa kwenye busati kwa taabu, magoti hayakunjiki, akaweka simu pembeni ya sinia, uso juu. Mbaazi alizila vizuri. Mama mdogo akaanza kumhoji kama anayeposa. Una mke? Watoto wangapi? Kabla ya hapa ulikuwa wapi?

"Shirika kubwa, mama. Hilo hilo linalomtaka huyu."

Mimi nikasogea karibu.

"Mbona ukatoka?"

"Kule kila tarehe ishirini nilikuwa nishajua nitalala wapi mwezi mzima unaokuja. Mke wangu alibandika karatasi ya zamu kwenye friji. Lakini nilikuwa natua viwanja vile vile, na nyuma yangu sijui nimebeba nani. Hapa sijui kesho niko wapi. Wiki moja tuko Kigali, nyingine tuko kijiwanja cha mchanga huko kaskazini, unatua kwa macho yako. Arusi ya dadangu niliikosa. Nilikuwa uwanjani nangoja watu waliokuwa wanaogelea."

"Ukajuta?"

"Arusi nilijuta. Kazi sijajuta."

Nikamtazama ndugu yangu nihakikishe amesikia hiyo ya arusi. Yeye alikuwa bado yuko kwenye kijiwanja cha mchanga. Alimwuliza kapteni kina urefu gani.

Haikufika saa kumi simu ikalia. Kapteni alijifuta mkono, akapokea. "Ndiyo, bosi," akasema, na mara ya pili, "Ndiyo."

Ndugu yangu alikuwa na pande la hamri mkononi, limeshachovywa mbaazi. Kabla kapteni hajasema neno la tatu, alilirudisha kwenye sahani, akasimama, na akauliza kwa sauti ya chini, "Nimwite mtu wa mafuta?" Hakuna aliyemwambia ainuke. Hakujua hata bosi amesema nini.

Kwetu mwenyeji haachi chakula kabla ya mgeni. Unakula polepole, ukishiba unajifanya unakula, mpaka mgeni aseme alhamdulillahi au chochote wanachosema kwao. Tulifundishwa hilo kwa makofi, mimi na yeye, kwenye sebule ile ile. Na pale kapteni alikuwa bado amekaa, mgeni wetu, na mwenye nyumba keshasimama anatafuta viatu.

Mama mdogo alilitazama lile pande la hamri. Kisha akaenda jikoni, akatia mahamri na mbaazi kwenye hotpoti, akafunga kwa leso, akampa mwanawe.

"Mpelekeeni mwenyewe."

"Mama, samahani sana," kapteni akasema. "Anakuja sasa hivi."

"Sina neno, baba. Umekula?"

"Nimekula."

Walipoondoka nilibaki kuosha vyombo na mama mdogo, na nilisema sana. Kwamba umeona, anaitwa kama teksi. Kwamba kesho ni mazishi, keshokutwa ni arusi, naye yuko anafuta viti. Kwamba radhi isitoke.

"Ulimwona alivyoinuka?" akaniuliza.

"Nilimwona. Kakosa adabu."

"Hakukosa adabu. Hakutuona." Alikuwa anakausha vikombe vya jirani kimoja kimoja. "Huyo keshakwenda. Nikimnyima radhi ataenda bila radhi tu. Sitaki aruke hivyo."

Nikachukua karai la maji machafu, nikaenda kumwaga nje.

Ijumaa baada ya sala alikuja kibandani kwangu. Nilikuwa nimefungua kompresa, mikono mafuta.

"Mama amenipa radhi."

"Nimesikia."

"Umekasirika?"

"Nimekasirika. Unataka nini?"

Alitaka nimwandikie barua ya kulikataa shirika. Yeye anaandika kama anaongea redioni na mnara, maneno manne na nukta. Mimi barua najua, hilo anakubali. Mtu wa maskani, kibanda cha pili, akadakia kwamba ati rubani mzima amekwenda kuwa dereva wa tajiri. Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika hapa, na mpaka leo hatusalimiani. Kumsema ndugu yangu ni kazi yangu mimi, si yake.

Nikanawa mikono kwa sabuni ya unga, nikakaa na simu yake, nikaandika. Nikawashukuru kwa nafasi, nikaeleza kwa adabu kwamba amepata njia nyingine, na mwisho nikaweka mstari kwamba angefurahi kama siku za mbele wangemfikiria tena. Alisoma akiwa amesimama nyuma yangu.

"Huo wa mwisho utoe."

"Kwa nini?"

"Nishaamua. Utoe."

"Sawa."

Aliingia dukani kununua maji. Aliporudi nikampa simu, akabonyeza kutuma bila kusoma tena. Mstari ule sikuutoa.