Mama wa Kila Jumanne

Mwaka ule wa shida ya sabuni, mama wa ustawi wa jamii alikuwa akija nyumbani kwa Boke, Nyamuswa, kila Jumanne kwa baiskeli. Hakuuliza habari za kipigo alichokipata Boke kwa mumewe. Aliketi jikoni akimenya mihogo polepole, na Boke hakuelewa kama alikuja kumtetea au kumpeleleza. Siku moja mumewe Boke aliingia akifoka. Mama yule aliendelea kumenya.

“Baba Gati, ukikasirika watoto wanakimbiliaga wapi?”

Binti yao, Gati, akaonyesha nyuma ya kuni. Baba mtu akainama, akakuta gunia limetandikwa. Akatoka nje.

“Sasa nibaki naye au niondoke?” Boke aliuliza.

Mgeni aliweka kisu chini. “Sijui, mwanangu. Leo mumeo atalala kwa kaka yake, nitampeleka mwenyewe. Kesho narudi.”